Mikono kujaa na vidole kukakamaa kwenye pikipiki za porini: anza na magoti, sio mikono

Hali yenyewe unaijua. Uko rafu rodi, muda kidogo tu tangu muanze, sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo inaanza kuvimba kwa ndani, ngozi inavutika, vidole vinakuwa vizito, unataka kuvuta breki ya mbele unaona kidole kinachelewa, na mkisimama kunywa maji hata kizibo cha chupa unamuomba mwenzio akufungulie. Wengi wakifika hapo wanasema aah mikono yangu haina nguvu, ngoja nianze gym, wananunua zile springi za kuminya na mwezi unaofuata mambo yako palepale au yamezidi.

Mimi msimamo wangu ni huu: kwa watu wengi mikono inajaa kwa sababu miguu haifanyi kazi yake. Ukirekebisha miguu na mkao wa leva (zile za kuvutia klachi na breki), vitu ambavyo havikugharimu hata shilingi, utaona nafuu kubwa kabla hata hujafikiria kununua kifaa chochote. Na hii sio ya wenye KTM za enduro, zile za mbio za porini, peke yao. Bwana shamba au mhudumu wa afya uliyepewa Yamaha AG 100 au Honda XL 125 ya mradi kuzunguka vijijini, au wewe dogo wa Boxer unayepeleka magunia njia za vumbi, mkono ni uleule na tiba ni ileile, tofauti ni vipimo tu.

Kwanza elewa kinachotokea ndani

Misuli ya mkono imefungwa ndani ya utando mgumu ambao hautanuki sana. Ukiminya usukani, damu inaingia kwa presha kubwa na msuli unavimba, sasa mishipa inayorudisha damu kwenye moyo ni laini na presha yake ni ndogo, kwa hiyo ukikaza mkono muda wote bila kuachia, ile mishipa inabanwa, damu inaingia lakini kutoka inapata shida, na nafasi ya kuvimbia haipo tena. Hapo ndio unahisi mkono umejaa, halafu vidole vinaanza ganzi. Ubaya wake ni kwamba vidole vikipoteza nguvu unaogopa kuachia usukani, ukiogopa unaminya zaidi, na ukiminya zaidi damu ndio inazidi kukwama.

Kwa hiyo kitu cha kupigania ni kuachia. Msuli unaokaza na kulegea unapumua, ule unaokaza tu ndio unaokufa njiani. Na hizo springi za kuminya zinakufundisha kukaza, kitu ambacho tayari unakifanya kupita kiasi.

Usidhani pia ni ugonjwa wa wasiofanya mazoezi. Wale wa MotoGP, mbio kubwa za pikipiki za dunia, ambao kazi yao ni mazoezi tu, nao linawapata. Dani Pedrosa mwaka 2015 alifanyiwa upasuaji wa mkono baada ya mbio za Qatar akakosa mbio 3 zilizofuata. Mwaka 2021 pale Jerez, Hispania, Fabio Quartararo alikuwa anaongoza, mkono ukajaa, akaishia nafasi ya 13, na aliyeshinda siku hiyo, Jack Miller, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji huohuo wiki chache nyuma. Hao wako kwenye lami na breki za hatari, mambo yao ni mengine kidogo, ila ukiona watu wenye miili ile wanashindwa kushika leva utaelewa kwamba kunyanyua vyuma peke yake hakukuokoi.

Hatua ya 1: kagua viganja ukirudi

Kabla hujagusa spana, vua glavu uangalie viganja na usikilize panauma wapi. Malengelenge au wekundu chini ya vidole, pale vinapoanzia, mara nyingi ni dalili kwamba ulikuwa unaning'inia kwenye usukani kila ukivuta mafuta, mwili unarudi nyuma na mikono ndio inakuzuia. Maumivu kwenye kitako cha kiganja, upande wa kifundo, yanasema ulikuwa unaegemea, uzito wote umeumwaga mbele hasa kwenye mteremko. Kama mkono wa kushoto ndio unaochoka peke yake, mtuhumiwa wa kwanza ni klachi. Wa kulia peke yake, angalia mafuta na breki ya mbele, pengine waya wa mafuta unakwama kidogo na wewe unaukaba siku nzima bila kujua, au unavuta breki kwa vidole vinne wakati kimoja au viwili vingetosha.

Hii itakusaidia usibadilishe vitu hovyo hovyo.

Hatua ya 2: bana kwa magoti

Hii ndio kubwa kuliko zote, ukiisoma hii ukaacha nyingine bado umefaidika.

Simamisha pikipiki kwenye stendi sehemu tambarare, au mwenzio aishike. Panda, simama juu ya vikanyagio, ukanyage kwa sehemu pana ya mbele ya mguu sio katikati ya nyayo. Kunja magoti kidogo, bana tangi na fremu kwa magoti na visigino vya buti, kiuno kirudi nyuma kidogo na kifua kishuke. Sasa fungua vidole vyote vya mikono yote miwili, viganja viguse tu juu ya gripu. Kama unaanguka mbele, uzito wako uko mbele sana. Kama unaanguka nyuma, umekaa nyuma sana. Tafuta pale ambapo unaweza kukaa hivyo sekunde 30 bila kushika chochote, ukipata pale ndio nyumbani, na kila mara njiani ukijisahau unarudi pale.

Mwenzio akitikisa pikipiki kushoto kulia huku wewe umebana utaona mapaja yanawaka moto haraka sana. Vizuri. Mapaja ni misuli mikubwa, yanavumilia kazi kuliko hivi vimisuli vya mkono, na yakichoka unaweza kukaa chini ukapumzika, lakini vidole vikichoka huna breki wala klachi.

Njiani sheria ni hii: ukitaka kuvuta mafuta, bana kwanza kwa miguu na uinamishe mwili mbele ndio uvute. Ukitaka kufunga breki, bana kwanza ndio ufunge. Kwenye miteremko mikali, tuseme zile njia za Usambara kule Mtae, au kwa wenzetu wa Nairobi ukiacha lami kule Corner Baridi kushukia bondeni, watu wananyoosha mikono wakakaza viwiko, kila jiwe linapigwa moja kwa moja mpaka begani. Rudisha kiuno nyuma, bana tangi, viwiko vibaki vimekunjwa na vimetoka nje.

Kama suruali inateleza kwenye plastiki au kwenye tangi, kuna stika za mpira za kubandika pembeni, na kama hazipatikani kipande cha tyubu ya baiskeli kilichobandikwa vizuri kwa gundi kinafanya kazi ileile ingawa muonekano ndio hivyo tena.

Hatua ya 3: namna ya kushika

Shika gripu kama unavyoshika mkono wa mtoto unapovuka naye barabara, hachomoki lakini humuumizi. Kidole kimoja, au viwili kama leva ni ngumu, kikae juu ya klachi na kimoja juu ya breki, vingine vizunguke gripu. Boxer na zile za zamani zenye breki ya dramu zinaweza kuhitaji vidole viwili vya breki, sawa, ila vinne havina maana, unabaki umeshika usukani na dole gumba.

Mkono wa mafuta usiushike umenyooka halafu ukavuta, kwa sababu ukifika mafuta mengi kifundo kinakuwa kimezama chini na kiwiko kimeanguka ubavuni. Shika kwa kuupandisha mkono juu kidogo na kwa mshazari, kama unataka kufungua kitasa cha mlango wa duara, ndio uvute. Kiwiko kitabaki juu chenyewe.

Pia pumua. Utashangaa watu wangapi wanabana pumzi kwenye mchanga na kwenye mawe bila kujijua, mwili wote unakaza. Ukiimba ndani ya helmeti huwezi kubana pumzi, hakuna anayekusikia, imba. Na macho yawe mbali mbele, kwa sababu ukiangalia tairi la mbele kila jiwe linakushtua na ukishtuka unaminya.

Hatua ya 4: leva, spana moja inatosha

Pikipiki nyingi zinatoka dukani leva zimekaa kivyao vyao tu na mtu anaendesha hivyo miaka mitatu. Legeza bolti za kishikio cha leva ya klachi na ya breki, nyingi ni spana namba 8 au 10. Simama kwenye mkao ule wa hatua ya 2, nyoosha vidole juu ya leva: mkono wa kuanzia kiwiko, kifundo na vidole viwe mstari mmoja. Leva ikiwa juu sana utakunja kifundo kwenda nyuma, ikiwa chini sana kifundo kinaning'inia, na vyote viwili vinachosha. Kama wewe muda mwingi unaendesha umekaa, huyo wa mradi anayetembea kilomita nyingi barabara ya vumbi, tafuta katikati ya kukaa na kusimama.

Halafu sogeza kishikio kizima kuelekea katikati ya usukani, sentimita moja au mbili, mpaka kidole chako cha shahada kianguke kwenye ncha ya leva pale inapojikunja. Kuvutia nchani ni rahisi zaidi kuliko kuvutia karibu na bawaba, na leva ikivutwa hadi mwisho haikubani vile vidole vingine vilivyoshika gripu. Kama leva ina skrubu ya kurekebisha umbali, isogeze karibu, hasa wenye mikono midogo, maana kunyoosha kidole kutafuta leva iliyo mbali ni kazi inayorudiwa mara mia kadhaa kwa siku.

Ukimaliza kaza bolti, lakini usikaze mpaka mwisho wa nguvu zako, ziache ziwe na nguvu ya kutosha leva isicheze njiani lakini ukianguka izunguke badala ya kukatika.

Usukani wenyewe usiulaze sana kuelekea kwako, unaangusha viwiko. Anza na usukani uliofuata mshazari wa shokapu za mbele ukiangalia kwa ubavuni, ndio ujaribu kidogo kidogo.

Hatua ya 5: klachi iwe laini

Kama mkono wa kushoto ndio unaokusumbua na klachi yako ni ya waya, usianze kulaumu mkono. Chomoa waya pale kwenye leva, ushike usimame wima. Zamani tungesema chukua kona ya mfuko wa nailoni utengeneze faneli, ila hapa Tanzania mifuko ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nunua sirinji famasi, zungushia ncha yake kipande cha mpira ili isivujishe, sukuma oili nyepesi ndani ya ganda la waya polepole huku unachezesha waya juu na chini. Endelea mpaka oili itokee kule chini kwenye injini. Mara ya kwanza inatoka nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, na hiyo nyeusi ndio ilikuwa inakula kidole chako.

Angalia pia waya usiwe umepinda kona kali nyuma ya taa, na ukiona hata uzi mmoja umekatika kwenye kichwa cha waya badilisha, usisubiri ukatike ukiwa porini. Weka grisi kidogo kwenye bolti ya leva. Rudisha waya, uache ule mchezo wa leva kabla klachi haijaanza kushika, Honda nyingi za waya zinataka milimita 10 mpaka 20 ukipima nchani mwa leva, ya kwako angalia kitabu chake.

Na punguza kutumia klachi. Kwenye barabara ya kawaida hakuna sababu ya kidole kuwa kimevuta nusu muda wote, zaidi ya kuchosha mkono unaunguza sahani za klachi.

Hatua ya 6: gripu na glavu

Ukishika gripu, ncha za vidole zikaribie kugusa kiganja bila kuchimba ndani. Kama kuna nafasi kubwa, gripu ni nene kwako, na ndio maana kuvisha sponji au kufunga matambara juu ya gripu, kitu ambacho naona sana mitaani, mara nyingi kunaongeza tatizo badala ya kupunguza. Mpira laini ni bora, unaisha mapema lakini haukulazimishi kuminya. Glavu ziwe nyembamba kiganjani, zisiwe na mikunjo, na zile za pamba za site za ujenzi zinateleza. Saa ya mkono vua. Mikanda ya vikinga viwiko na mpira wa mkono wa jezi visibane, maana unaongeza kizuizi kingine juu ya kile utando umeshaweka.

Hatua ya 7: shokapu na upepo

Shokapu ngumu sana inapeleka kila kitu mikononi, na laini sana inagonga mwisho halafu inapeleka kila kitu mikononi, kwa hiyo pima.

Nyanyua pikipiki tairi la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli ya nyuma mpaka alama yoyote kwenye madigadi juu yake. Ishushe, panda na buti, helmeti na mzigo wako wa kawaida, mwenzio apime tena palepale. Tofauti ni kiasi ambacho inazama ukiikalia. Pikipiki kubwa za motokrosi na enduro ambazo tairi la nyuma lina mwendo wa karibu milimita 300 kupanda na kushuka, lenga milimita 100 hadi 105. Zile ndogo zenye mwendo mfupi, chukulia kama theluthi moja ya mwendo wake. Ikizama zaidi kaza springi, ikizama kidogo legeza. Za Boxer zina ngazi tu za kuzungusha, lakini hata hizo, watu wanaziacha ngazi ya mzigo mzito wakiwa wanaendesha peke yao.

Kama shokapu za mbele zina skrubu za kliki, legeza ile ya kubana kliki 2 tu, endesha kipande kilekile cha barabara, sikiliza mikono, andika kwenye simu. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukigusa vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia. Zisizo na kliki, badilisha oili ya shokapu. Zipo zinazotembea na oili ileile tangu zishuke bandarini, na sili zinavuja juu yake.

Upepo wa tairi: dirt bike (pikipiki ya porini) ya kweli yenye kishikilia tairi ndani ya rimu inaendeshwa psi 12 hadi 15 porini. Zile za trail zenye tyubu ya kawaida, 18 hadi 20 ukiwa nje ya lami inapunguza mtikisiko sana. Ila kwenye mawe makali, ile njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero mfano, au ukiwa na mzigo, usishuke hivyo, tyubu itabanwa na rimu na utajikuta unaziba pancha juani. Bodaboda mwenye abiria abaki kwenye kipimo cha kitabu.

Hatua ya 8: siku yenyewe

Usiwashe ukaondoka kwa fujo mikono ikiwa ya baridi. Zungusha mabega, nyoosha mkono mbele kiganja kikiangalia juu, vuta vidole nyuma taratibu kwa mkono wa pili, halafu geuza upande wa pili. Dakika 10 za kwanza endesha kivivu. Kwenye mbio ndio pabaya zaidi, mzunguko wa kwanza moyo uko juu, kila mtu anaminya, na mkono ukijaa mapema hivyo kuutuliza ukiwa unaendelea ni kazi.

Kunywa maji kidogo kidogo tangu jana yake, na kama ni safari ya jua kali ya saa nyingi weka pakiti ya ORS kwenye lita 1 ya maji. Haitatibu mshiko mbaya, lakini misuli iliyokauka inakakamaa haraka. Na hii tabia ya kumeza diklofenaki asubuhi ili mikono isiume, acheni jamani. Dawa hizo pamoja na kukaukiwa maji ni mzigo kwa figo, na pia unaficha maumivu yanayokuambia usimame.

Mazoezi ya wiki, kama una muda: squats, planki, kuogelea, baiskeli. Mgongo, tumbo na mapaja. Mikono inyooshwe tu, na iongezewe saa za kuendesha kidogo kidogo.

Ikikukuta njiani

Punguza mwendo mapema, usisubiri mpaka vidole vife, maana kushuka mlima bila kidole cha breki ni ajali. Sehemu iliyonyooka na salama, achia mkono wa kushoto, uning'inize chini, ukung'ute, fungua na ufunge vidole. Wa kulia subiri mpaka usimame. Ukisimama vua glavu na vikinga, kanda taratibu kutoka kifundo kwenda kiwiko, mwagia maji ya baridi, pumzika mpaka mkono ulainike wenyewe. Kujaa kwa kawaida kunapungua ndani ya dakika chache ukiacha kuminya.

Kama haupungui, hapo sio habari ya kushika tena. Mkono uliobaki mgumu, unaouma vibaya hata ukinyoosha kidole kimoja tu, hasa baada ya kuanguka au kugongwa, nenda hospitali saa hiyohiyo, usilale nao, kwa sababu presha ndani inaweza kuua msuli ndani ya saa chache. Ganzi ya dole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo, ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni mshipa mwingine, na vidole vinavyogeuka vyeupe kwenye baridi kwa mtu anayeendesha kila siku ni madhara ya mtikisiko. Yote hayo ni ya daktari wa mifupa, taasisi ya mifupa MOI pale Muhimbili, hospitali ya KCMC Moshi, au hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Na kama umefuata hatua zote hizi miezi kadhaa na mkono bado unajaa kila ukipanda, mueleze daktari unajaa baada ya muda gani na unachukua muda gani kupoa, wana kipimo cha kuchukua presha ya ndani ya msuli kabla na baada ya kuuchosha, na hicho ndio kitakachosema kama utando unahitaji kufunguliwa au bado ni mambo ya magoti.